Dawa za Makovu ya Mapafu: Faida Isiyohisiwa na Mgonjwa

"Daktari, nimemeza dawa hizi miezi mitatu. Kikohozi bado ninacho, ngazi bado zinanishinda, na sasa nimeongezewa kichefuchefu. Zinanisaidia nini?"

Swali hili, kwa maneno haya au mengine, husikika katika kliniki za magonjwa ya kifua popote wanapotibiwa wagonjwa wa makovu ya mapafu. Ni swali la haki. Mgonjwa wa malaria humeza dawa, na baada ya siku chache homa huondoka. Mgonjwa wa kifua kikuu huona hamu ya chakula ikirejea na nguo zilizokuwa zikimpwaya zikimkaa tena. Mgonjwa wa makovu ya mapafu huombwa jambo gumu zaidi: ameze dawa kila siku kwa miaka, avumilie maudhi yake na kubeba gharama yake, huku mwili wake usimwambie kwamba kuna lolote lililobadilika. Asiyeelezwa sababu mapema huona anapoteza fedha, naye huziacha.

Makala hii inaeleza dawa hizo ni zipi, zinafanya nini, haziwezi kufanya nini, na namna mgonjwa na mhudumu wake wanavyoweza kuzitumia bila kudanganyana.

Pafu linapogeuka kovu

Pafu lenye afya hufanana na sifongo: ni jepesi, laini, na hutanuka kwa urahisi. Ndani yake mna mamilioni ya vifuko vidogo vya hewa, vyenye kuta nyembamba mno kiasi kwamba oksijeni hupenya na kuingia katika damu bila kizuizi. Kuta hizo zikijeruhiwa, mwili huzikarabati. Seli ziitwazo faibroblasti hufika mahali pa jeraha na kutengeneza nyuzi za kolajeni, ambazo ndizo hushikamanisha kidonda.

Kidonda cha mguuni kikipona huacha kovu, na kovu hilo hukoma hapo. Katika ugonjwa huu ukarabati haukomi. Faibroblasti huendelea kutandaza kolajeni mahali ambapo kazi ilipaswa kuwa imekwisha, na kidogo kidogo sifongo hugeuka kuwa kitu kigumu kisichotanuka. Oksijeni hupenya kwa shida, na mgonjwa huanza kuhema anapopanda mlima, kisha anapotembea tambarare, na hatimaye anapovaa nguo.

Aina inayojulikana zaidi, na ambayo dawa zake zimechunguzwa zaidi, ni faibrosisi ya mapafu isiyojulikana chanzo chake, ambayo wataalamu huiita kwa herufi IPF. Huwapata hasa watu waliovuka umri wa miaka 60, wanaume zaidi ya wanawake, na waliowahi kuvuta sigara zaidi ya wasiovuta. Katika baadhi ya familia hurithiwa. Kabla ya kupatikana kwa dawa za sasa, karibu nusu ya wagonjwa walifariki katika miaka mitatu hadi mitano tangu walipogunduliwa, ingawa tofauti baina ya mgonjwa mmoja na mwingine ilikuwa kubwa: wapo waliodhoofika kwa miezi, na wapo waliokaa miaka mingi katika hali ile ile.

Kwanza uhakika wa ugonjwa

Mahali ambapo kifua kikuu ni kingi, mtu mwenye kikohozi cha muda mrefu na picha ya kifua yenye madoa hudhaniwa kwanza kuwa na kifua kikuu. Dhana hiyo ina msingi, na makohozi lazima yapimwe. Kosa huanza pale vipimo vinaporudi vikiwa havionyeshi vimelea, mgonjwa akapewa dawa za kifua kikuu, asipone, kisha akaanzishiwa tena kwa mara ya pili. Miezi hiyo yote kovu linasonga mbele.

Ziko dalili zinazopaswa kumfanya mhudumu wa afya asimame na kufikiri upya. Kikohozi cha makovu ya mapafu kwa kawaida ni kikavu. Mgonjwa hana homa wala jasho la usiku. Ukisikiliza mgongo wake sehemu za chini, mwisho wa kuvuta pumzi husikika mlio mkavu, mithili ya kubandua kifungo cha kunata cha kiatu cha mtoto. Kwa baadhi ya wagonjwa ncha za vidole huvimba na kucha zikapinda kama mgongo wa kijiko. Mgonjwa wa namna hiyo anahitaji rufaa kwenda kwa daktari wa magonjwa ya kifua, picha ya CT ya mapafu, na kipimo cha spirometa, ambacho hupima kiasi cha hewa ambacho mtu anaweza kukitoa kwa nguvu baada ya kuvuta pumzi hadi mwisho.

Hata kovu likishathibitishwa, kazi haijaisha, kwa sababu makovu ya mapafu yana vyanzo vingi. Vumbi la mawe ya migodini, vumbi la asbesto, kinyesi na manyoya ya ndege wafugwao, ukungu wa nafaka au majani yaliyooza, magonjwa ya kinga ya mwili kama baridi yabisi na skleroderma, yote yanaweza kuacha makovu. Zipo pia dawa zinazoweza kuyasababisha: nitrofurantoini, ambayo hutolewa kwa maambukizi ya njia ya mkojo, amiodaroni ya mapigo ya moyo, na methotreksati ya maungio. Kwa hiyo daktari humuuliza mgonjwa kazi alizofanya tangu ujana, mifugo aliyonayo, na kila dawa aliyowahi kumeza. Maswali hayo hayana udadisi. Mtu ambaye mapafu yake yanaharibiwa na njiwa wake atasaidika zaidi kwa kuwaondoa njiwa kuliko kwa kidonge chochote.

Dawa zilizoaminiwa, zikadhuru

Kwa miaka mingi madaktari waliamini kwamba chanzo cha IPF ni uvimbe wa muda mrefu ndani ya mapafu, na kwamba ukizimwa uvimbe kovu litakoma. Kutokana na imani hiyo wagonjwa walipewa prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, pamoja na azathioprini, ambayo hupunguza nguvu ya kinga ya mwili. Baadaye ikaongezwa asetilisisteini. Mchanganyiko huo wa dawa tatu ulikubalika duniani kote.

Nchini Marekani watafiti waliamua kuupima kwa haki, katika jaribio lililoitwa PANTHER. Baadhi ya wagonjwa walipewa dawa hizo tatu, na wengine vidonge visivyo na dawa ndani yake, bila mgonjwa wala daktari kujua nani amepewa nini. Mwaka 2011 sehemu hiyo ya jaribio ilisitishwa kabla ya wakati wake. Katika wagonjwa 77 waliomeza dawa tatu, 8 walikuwa wamefariki. Katika 78 waliomeza vidonge vitupu, alifariki 1. Waliolazwa hospitalini walikuwa 23 kwa kundi la kwanza, na 7 kwa la pili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012, na miongozo ya tiba ikabadilika: mgonjwa wa IPF asipewe mchanganyiko huo.

Habari hii ina uzito hadi leo, kwa kuwa prednisoloni ni rahisi kupatikana na ni ya bei nafuu, na mgonjwa anayehema huweza kujisikia na nguvu zaidi katika siku za mwanzo za kuimeza. Nguvu hizo hazimaanishi kwamba kovu limesimama. Hata hivyo tahadhari mbili zinahitajika. Ya kwanza, steroidi zina nafasi yake katika aina nyingine za magonjwa ya mapafu yanayoacha makovu, hasa yale yanayotokana na kinga ya mwili, na ndiyo maana uhakika wa ugonjwa hutangulia. Ya pili, mgonjwa aliyekwisha kumeza prednisoloni kwa wiki nyingi asiiache ghafla, kwa kuwa mwili wake umeacha kutengeneza homoni yake wenyewe. Hupunguzwa hatua kwa hatua chini ya uangalizi wa daktari.

Dawa mbili na kazi yake

Fikra ilipohama kutoka kwenye uvimbe kwenda kwenye ukarabati usiokoma, dawa nazo zilibadilika. Ya kwanza ni pirfenidoni, iliyopata kibali nchini Japani mwaka 2008, katika nchi za Umoja wa Ulaya mwaka 2011, na Marekani mwaka 2014. Ya pili ni nintedanibu, iliyopata kibali cha Marekani mwezi huo huo wa Oktoba 2014. Pirfenidoni hupunguza ishara za kikemia zinazowaamuru faibroblasti kuzaliana na kutengeneza kolajeni. Nintedanibu, ambayo watafiti wake waliianza wakitafuta dawa ya saratani, huziba milango ambayo kupitia kwayo seli hizo hupokea amri ya kukua.

Zote mbili hupunguza kasi ya kovu. Wala moja haiondoi kovu lililokwisha kuwapo.

Kiasi cha faida hiyo kinajulikana. Katika majaribio mawili ya nintedanibu yaliyohusisha wagonjwa 1,066, wale waliopewa vidonge vitupu walipoteza wastani wa mililita 240 za uwezo wa mapafu kwa mwaka katika jaribio moja, na 207 katika jingine. Waliopewa nintedanibu walipoteza takriban mililita 115 kwa mwaka katika yote mawili. Katika jaribio la pirfenidoni lenye wagonjwa 555, waliofariki au kupoteza sehemu ya kumi au zaidi ya uwezo wao wa mapafu ndani ya mwaka mmoja walikuwa asilimia 31.8 kwa wasiopewa dawa, na asilimia 16.5 kwa waliopewa. Kwa maneno mepesi, kila dawa hupunguza hasara kwa takriban nusu.

Chukua mfano wa mzee ambaye leo anaweza kutoa lita 2.5 za hewa. Akipoteza mililita 240 kila mwaka, baada ya miaka miwili atabaki na lita 2 na ziada kidogo. Akipoteza mililita 115 kwa mwaka, atabaki na karibu lita 2.3. Tofauti ni glasi moja ya hewa. Glasi hiyo inaweza kuwa ndiyo inayomwezesha kwenda msalani bila kushikwa mkono, kuongea na wajukuu bila kukata maneno, au kufika msikitini au kanisani kwa miguu yake.

Hapa ndipo lilipo jibu la swali la mwanzo. Mgonjwa hulinganisha hali yake ya leo na ya mwezi uliopita, naye huona imebaki vile vile au imeshuka kidogo. Dawa inapaswa kulinganishwa na hali ambayo angekuwa nayo bila dawa, na hali hiyo haiwezi kuonekana kwa macho wala kuhisiwa kifuani. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika mapafu ukuta haujengeki tena. Kuziba ufa ndiyo kazi yote.

Kuishi na pirfenidoni

Pirfenidoni huanzishwa kwa hatua. Kwa kapsuli za miligramu 267, mgonjwa humeza moja mara tatu kwa siku katika wiki ya kwanza, mbili mara tatu katika wiki ya pili, na kuanzia wiki ya tatu tatu mara tatu, yaani kapsuli tisa kwa siku. Hatua hizi huupa mwili nafasi ya kuizoea dawa. Mgonjwa akiikosa kwa siku 14 au zaidi, huanza upya kwa hatua zile zile. Akisahau dozi moja, huendelea na inayofuata kwa wakati wake, bila kumeza mbili kwa pamoja.

Maudhi yake makuu ni kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula, uchovu na vipele vinavyoletwa na jua. Kichefuchefu hupungua sana dawa ikimezwa katikati ya mlo. Anayekunywa chai kavu asubuhi na kumeza kapsuli tatu juu yake atasumbuka. Anayekula uji mzito, viazi au chapati kwanza atapata nafuu. Ikishindikana, daktari anaweza kupunguza dozi kwa wiki kadhaa kisha kuipandisha tena. Kupunguza kwa muda ni bora kuliko kuacha kabisa.

Jua ni jambo la kuzingatiwa zaidi kwa wanaoishi karibu na ikweta. Ngozi ya anayetumia pirfenidoni huungua kwa urahisi, iwe nyeusi au nyeupe. Kofia pana, mikono mirefu, mwavuli au khanga ya kujifunika, na kupanga kazi za shambani mapema asubuhi au jioni, hupunguza madhara hayo. Antibayotiki ya doksisaiklini nayo huifanya ngozi iogope jua, hivyo kuzitumia pamoja kunahitaji tahadhari.

Sigara hushusha kiwango cha pirfenidoni katika damu hadi karibu nusu, kwa hiyo anayevuta huku akimeza dawa hutupa nusu ya fedha zake. Upande wa pili, dawa ya sonona iitwayo fluvoksamini hupandisha kiwango hicho kwa hatari na haipaswi kutumiwa pamoja nayo. Siprofloksasini kwa dozi kubwa nayo hukipandisha, na maji ya balungi yaepukwe.

Kuishi na nintedanibu

Nintedanibu humezwa kapsuli moja ya miligramu 150 asubuhi na nyingine jioni, saa 12 baina yake, pamoja na chakula. Humezwa nzima bila kutafunwa wala kufunguliwa. Tatizo lake kubwa ni kuharisha: katika majaribio yaliyotajwa, zaidi ya wagonjwa 6 kati ya 10 waliharisha. Mgonjwa anayejua hilo mapema hashtuki. Hukaa na loperamidi na maji ya ORS nyumbani, huyatumia mara choo kinapoanza kulainika, na huwasiliana na kliniki ikiwa hali haitulii. Daktari anaweza kushusha dozi hadi miligramu 100 mara mbili kwa siku, au kuisimamisha kwa muda.

Dawa hii huongeza kidogo uwezekano wa kutokwa na damu, hivyo anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda lazima aseme. Inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, na mwanamke mwenye uwezo wa kupata mimba anahitaji njia madhubuti ya uzazi wa mpango wakati wa tiba na kwa miezi mitatu baada ya dozi ya mwisho. Wanawake hao wapo, kwa kuwa tangu mwaka 2019 nintedanibu imekubaliwa Marekani pia kwa makovu ya mapafu yanayotokana na skleroderma, na mwaka 2020 kwa makovu ya vyanzo vingine yanayoendelea kukua.

Kwa watoa huduma wa Afrika Mashariki lipo jambo moja la kukumbukwa kuliko mengine. Rifampisini, nguzo ya tiba ya kifua kikuu, hushusha kiwango cha nintedanibu katika damu hadi karibu nusu. Huweza kuishusha pirfenidoni vilevile. Mgonjwa wa makovu akipata kifua kikuu, kifua kikuu hakisubiri, kitibiwe. Lakini daktari wa kifua ajulishwe ili aamue hatima ya dawa ya makovu. Ketokonazoli na erithromisini hufanya kinyume: huipandisha nintedanibu na kuzidisha maudhi yake.

Dawa zote mbili zinaweza kuudhi ini. Vipimo vya ini hufanywa kabla ya kuanza, kisha kila mwezi kwa miezi sita ya kwanza kwa pirfenidoni au mitatu kwa nintedanibu, na baadaye kila miezi mitatu. Macho yakiwa manjano, mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, au maumivu yakitokea chini ya mbavu za kulia, mgonjwa asisubiri tarehe ya kliniki. Anayetumia dawa za mitishamba azitaje bila hofu, na mhudumu azipokee habari hizo bila kukaripia, maana mgonjwa aliyekaripiwa mara moja hataji tena.

Waislamu wanaotaka kufunga Ramadhani wazungumze na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Dozi tatu za pirfenidoni kwa siku ni vigumu kuzipanga baina ya futari na daku. Mbili za nintedanibu hupangika kwa wepesi zaidi. Anayeharisha au kudhoofika ana ruhusa ya mgonjwa.

Dawa ya tatu

Mwezi Oktoba 2025 Marekani iliidhinisha dawa nyingine kwa wagonjwa wa IPF, nerandomilasti. Hiyo hufuata njia tofauti na zile mbili, kwa kuzuia kimeng'enya kinachochochea uvimbe na kovu. Nayo hupunguza kasi ya hasara bila kurudisha kilichopotea, na nayo huweza kuharisha. Pirfenidoni hushusha kiwango chake katika damu, jambo linalohitaji uangalifu mtu akipewa zote mbili. Kuidhinishwa kwake kunaonyesha kwamba utafiti unaendelea. Hakumpi mgonjwa sababu ya kuacha aliyonayo akisubiri inayokuja.

Kabla ya kuuza shamba

Dawa hizi ni ghali, na humezwa kwa muda usio na mwisho. Viwanda vya India hutengeneza pirfenidoni na nintedanibu kwa bei ya chini kuliko ya kampuni zilizozigundua, lakini hata bei hiyo huzidi uwezo wa familia nyingi. Watoto wanaompenda baba yao huweza kuuza shamba au ng'ombe wapate miezi minne ya dawa, kisha zikaisha na deni likabaki. Miezi minne ya dawa inayopunguza kasi tu huleta faida ndogo mno.

Kwa hiyo kabla ya familia kuchangishana, maswali matatu yapate majibu ya wazi. Je, ugonjwa umethibitishwa kwa picha ya CT na mtaalamu, au bado ni dhana? Je, mapafu yamefikia kiwango gani, na mgonjwa ana uwezo wa kunufaika? Je, dawa inaweza kununuliwa mwezi baada ya mwezi, na vipimo vya ini vikafanyika? Mfamasia aulizwe pia kama dawa imesajiliwa na mamlaka ya dawa ya nchi, kwani dawa ghali huvutia waghushi.

Daktari anao wajibu wa kusema faida ilivyo, bila kuikuza wala kuidharau. Mgonjwa aliyeelezwa yote, akaamua kutoimeza, hajakata tamaa na hajamkosea mtu. Aliyeianza kisha akafika mahali ambapo maudhi yanamnyima raha ya siku alizobakiwa nazo, naye ana haki ya kuiacha kwa heshima.

Yasiyofanywa na vidonge

Awe anameza dawa au hamezi, mgonjwa ana mengi ya kufanyiwa. Kuacha sigara na kuepuka moshi wa kuni jikoni hulinda sehemu ya pafu iliyobaki. Chanjo za mafua na za nimonia humkinga na maambukizi ambayo kwake ni hatari zaidi. Mazoezi ya kupangiliwa, hata kutembea kwa vipindi akipumzika katikati, huimarisha misuli ili itumie vizuri oksijeni kidogo iliyopo, na hapa mgonjwa huhisi nafuu kwa kweli. Oksijeni ya nyumbani, kwa mtungi au mashine ya kuizalisha, humsaidia yule ambaye kiwango chake katika damu kimeshuka. Kikohozi kinachomnyima usingizi na kuhema kusikotulia huweza kupunguzwa kwa dozi ndogo za mofini chini ya uangalizi wa huduma shufaa. Huduma hiyo isingojwe hadi siku za mwisho.

Upandikizaji ndiyo njia pekee ya kuliondoa pafu lenye makovu, lakini hufanyika katika hospitali chache duniani na kwa wagonjwa wachache waliochaguliwa. Na dalili moja haivumilii kusubiri: kuhema kukizidi ghafla ndani ya siku au wiki chache, mgonjwa apelekwe hospitali mara moja.

Mistari miwili

Mzee aliyeuliza swali la mwanzo anahitaji zaidi ya kuambiwa "endelea tu, mzee wangu." Anahitaji kuona. Daktari huchukua karatasi na kuchora mstari unaoshuka kwa kasi, kisha mwingine unaoanzia pale pale na kushuka taratibu. Juu ya mstari wa pili huandika matokeo ya spirometa ya mgonjwa mwenyewe, ya siku alipoanza dawa na ya leo, na kuacha nafasi ya vipimo vijavyo. Baina ya mistari hiyo miwili mna nafasi tupu, inayopanuka kadiri miezi inavyokwenda.

"Zinakusaidia hapa," humwambia, akiweka kalamu katika ile nafasi.

Mzee huitazama karatasi, huikunja, na kuitia mfukoni pamoja na cheti cha dawa. Kisha waanze kuzungumza juu ya kichefuchefu: anameza saa ngapi, na anakula nini kabla.